Nasaha za Baba Zilizofutika

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sauti ndiyo ilikuwa kazi yake. Alifundisha kijijini Daudi, akahamishwa vijiji vingine vya Mbulu, akarudishwa Daudi, akastaafia hapohapo wakati wilaya yetu bado ikihesabiwa chini ya mkoa wa Arusha. Hata baada ya kustaafu watu walimfuata awasemee. Mwenye kesi ya mpaka wa shamba alikuja, mwenye kijana anayetaka kuoa alikuja, na kanisani akisoma neno hakuhitaji kipaza sauti.

Kiharusi kilimkuta akipalilia maharage. Mama alimwona amepiga magoti, akadhani ameona kitu udongoni. Tulimpeleka hospitali ya Haydom kwa gari la kukodi, na baada ya muda mrefu wodini wakaturuhusu turudi naye akiwa hai, ila mkono na mguu wa kulia haikufanya kazi tena, na ulimi ulikuwa mzito kiasi kwamba kila alichojaribu kusema kilitoka kama mlio uleule mmoja. Daktari alitueleza kwa upole kwamba akili yake haikuguswa. Tukashukuru. Baadaye nilielewa maana yake kwa baba: angekuwa anayajua yote, na asingeweza kulisema hata moja.

Mimi, binti yao, niliwachukua yeye na mama nikawaleta kwangu Endagikot. Nilikuwa na nyumba ndogo yenye fremu ya duka upande wa barabara, na fremu hiyo niliifanya steshenari. Nilianza kazi hiyo mkoa ulipogawanywa. Serikali haikuwa inaajiri kama zamani, tuliambiwa tujiajiri, nami nikajiajiri kwa kuchapa barua za watu. Miezi ya mwanzo ya mkoa mpya nilishinda nikifuta neno Arusha kwenye vichwa vya barua na kuandika Manyara. Miaka ikapita, kazi ikaongezeka, nikanunua kompyuta ya pili, na ile ya kwanza ikabaki imefunikwa kitambaa kwenye chumba ambacho baba alikuja kulala.

Wazo la kuitumia lilikuwa la mdogo wangu wa kike, aliyekuwa nesi upande wa Katesh. Alikuja likizo, akamwona baba akijaribu kushika kalamu kwa mkono wa kushoto na kuchora mistari isiyosomeka. Akafunua kitambaa, akawasha kompyuta, akamwekea kibodi mapajani. Baba alitafuta herufi kwa kidole kimoja. Neno la kwanza alilopiga lilikuwa jina la mama.

Nilimwekea programu ya kuandikia notsi iliyokuja na ile kompyuta. Niliipenda kwa sababu haikuwa na mambo mengi. Upande wa kushoto kulikuwa na orodha ya kurasa, upande wa kulia karatasi nyeupe, na herufi ningeweza kuzikuza hadi azione bila miwani. Umeme ukikatika, ambalo lilikuwa jambo la kila wiki, programu ilijifungua tena na ukurasa uleule aliouacha. Kwa hiyo ilikuwa nadra tuifunge. Alilala ikiwa wazi, akaamka ikiwa wazi.

Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza aliandika MARAHABA kwa herufi kubwa. Hilo lilikuwa linamsumbua kuliko maumivu. Watu waliingia, wakasema, "Shikamoo, mwalimu," wakasimama wakisubiri, na ukimya ule ulikuwa kama vile amewanyima. Sasa aliinua kidole akaonyesha skrini, nao wakakaa.

Mama hakuwahi kusoma shule. Kwa hiyo kila alichomwandikia mkewe ilibidi mimi nikisome kwa sauti. Kwangu mimi aliandika Kiswahili, kwa mama aliandika Kiiraqw, kwa tahajia aliyoibuni mwenyewe, na mimi nilisimama katikati nikipeleka maneno ya mume kwa mke. Mara nyingine yalikuwa maneno ambayo mtoto hapaswi kuyapitisha mdomoni mwake. Niliyasoma nikitazama dirishani. Nikirudi kutoka dukani mama alikuwa akiniuliza, "Amesema nini leo?" kana kwamba baba alikuwa safarini na mimi ndiye niliyepokea simu yake.

Kisha mdogo wangu akachumbiwa na mwalimu wa Katesh, mahari ikaenda vizuri, na sherehe ya kumuaga ikapangwa ifanyike ukumbi wa kanisa baada ya mavuno. Kwenye sherehe hizo kuna wakati baba mzazi husimama na kumpa binti nasaha. Hakuna aliyethubutu kumgusia baba jambo hilo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika: "Nasaha nitatoa mimi. Utasoma wewe."

Akafungua ukurasa mpya. Aliandika asubuhi, jua likiingia chumbani, akapumzika, akaandika tena mchana. Ilimchukua wiki nyingi. Herufi moja ilitafutwa, ikapigwa, ikakosewa, ikafutwa. Aliniita nimsomee alipofika, akasikiliza amefumba macho, halafu akabadilisha neno moja akanirudisha dukani. Naikumbuka ile nasaha kwa umbo zaidi kuliko kwa maneno. Ilianza na siku mdogo wangu alipozaliwa, baba akiwa mbali kwenye usahihishaji wa mitihani, na jinsi alivyopata habari siku zikiwa zimeshapita. Kulikuwa na sehemu kuhusu hasira ya mwanaume, jinsi ya kuijua kabla haijafika mlangoni. Kulikuwa na sehemu ya Kiiraqw kwa ajili ya mama, na niliposoma pale mama alitoka nje akaenda kushughulika na kuni.

Matatizo yaliingia kupitia dukani. Wateja walileta flashi zao, flashi zilileta virusi, na kwa kuwa wakati wa foleni nilichapia kwenye kompyuta ya baba, virusi vikahamia na huko. Wakati huohuo wanafunzi walianza kutakiwa kuomba vyuo na mikopo kwa mtandao, na mfumo wangu wa zamani ukawa haufungui tena kurasa zile. Nilimwita fundi kompyuta aliyezunguka kutoka Babati, mtu mzima, mstaarabu, aliyehudumia ofisi nyingi. Akatazama mashine zote mbili, akasema dawa ni kuweka mfumo mpya na programu mpya kotekote, la sivyo ningesafisha moja na nyingine ingeambukiza tena.

Aliniuliza kama nimehifadhi kazi zangu pembeni. Nilikuwa nimehifadhi. Folda zote za dukani zilikuwa kwenye flashi, na ile folda ya mafaili kwenye kompyuta ya baba nayo niliinakili yote. Tulimsogeza baba kibarazani apate jua, fundi akafanya kazi yake chumbani, na jioni akaondoka na basi.

Asubuhi nilimrudisha baba kwenye kiti chake, nikawasha. Kompyuta iliwaka haraka kuliko nilivyowahi kuiona. Rangi zilikuwa nzuri. Programu ya notsi ilikuwepo, toleo jipya, lenye alama mpya, na nilipoifungua ilitukaribisha kwa Kiingereza na kutuonyesha karatasi nyeupe. Orodha ya upande wa kushoto ilikuwa tupu.

Baba alikuwa tayari ameinua kidole. Akakiacha hewani kidogo, halafu akanitazama.

Nilimwambia ziko, zimejificha tu. Nikachukua flashi. Kulikuwa na barua za wateja, mitihani ya shule, picha za pasipoti, kadi za michango. Kurasa za baba hazikuwemo. Nikampigia fundi. Akaeleza kwamba programu zile hazihifadhi kurasa mahali tunapohifadhi mafaili yetu, zina mahali pao pa kificho. Akaniambia mfumo mpya huwa unaziweka folda za mfumo wa zamani kando, hauzifuti mara moja. Akanielekeza kwa simu jinsi ya kuonyesha folda zilizofichwa. Nilizifungua moja ndani ya nyingine. Moja ilinikatalia kabisa, ikidai mimi si mwenyewe, na ilibidi nijipe ruhusa ya kuingia kwenye kompyuta yangu. Mwisho nikalikuta faili moja tu, kubwa, lenye jina la ile programu. Nikapata moyo. Kitu kikubwa hivyo hakiwezi kuwa kitupu, nilimwambia mama.

Nikalihamishia mahali pa toleo jipya, nikafungua. Ujumbe ukaja kwamba faili limetengenezwa na toleo la zamani mno na haliwezi kusomeka. Nikalibadilisha jina. Ujumbe uleule. Nikajaribu kulifungua kwa programu ya maandishi ya kawaida, na skrini ikajaa alama za ajabu, viboksi na viulizo, ukurasa baada ya ukurasa. Nilikuwa nataka kufunga nilipoona, katikati ya takataka zile, neno "maji". Chini yake kidogo, "mama yako". Kisha tena alama.

Baba naye aliyaona. Alitoa ule mlio wake, na mimi sikujua ni wa furaha au wa nini.

Siku zilizofuata nilifungua duka nikiwa nimechelewa na kulifunga mapema. Nilitafuta ile diski ya zamani ya programu, nikaikuta ina mikwaruzo haisomeki. Fundi alirudi kutoka Babati bila kuitwa, akaazima diski nyingine kwa mtu mjini, lakini mfumo mpya ukalikataa toleo lile la zamani. Alikaa mbele ya kompyuta koti lake likiwa bado mwilini, maana ilikuwa ile miezi ya ukungu na baridi. Alimwomba baba radhi. Baba akaandika kwenye karatasi ile nyeupe mpya: "Si kosa lako." Halafu hakuandika kitu kingine siku ile.

Mama aliacha kuniuliza amesema nini. Baba angeweza kuandika kwenye toleo jipya, hakuna kilichomzuia, lakini aliandika haja zake tu, neno mojamoja, na sherehe ilikuwa inasogea. Mdogo wangu alipiga simu kutoka Katesh akizungumzia vitambaa na idadi ya wageni. Sikumwambia.

Mtu aliyetusaidia alikuwa mwalimu wa kike wa sekondari, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Alikuja kutoa nakala za mitihani, akanikuta nimeinamia kitabu cha maelekezo, akauliza. Nilipomweleza alivua viatu akaingia chumbani, akapiga magoti kidogo mbele ya kiti cha baba na kumwamkia. Baba akainua mkono kuelekea skrini, mahali lilipokuwa likikaa lile neno, akakuta hakuna. Mkono ukashuka.

Mwalimu yule alisema tatizo ni kwamba tumeruka ngazi. Kulikuwa na toleo la katikati, ambalo linajua kusoma la zamani na kuandika kwa namna inayoeleweka na jipya. Tukilipata hilo, tutalifungua faili humo, tulihifadhi upya, halafu tulilete huku. Alikuwa na modemu na kompyuta ndogo ya kubeba. Mtandao wa Endagikot ulishika vizuri asubuhi tu, kabla watu hawajaamka na simu zao, kwa hiyo alikuja alfajiri kwa siku kadhaa, amejifunga kanga juu ya sweta, na tulikaa jikoni karibu na moto tukiangalia ule mstari wa kupakua ukijaa kidogokidogo. Mara mbili ulikatika ukiwa karibu kuisha.

Ulipofika mwisho tulisakinisha kwenye kompyuta yake ndogo, tukalifungua faili la baba, na kurasa zikatokea. Nilimwita mama. Nikasogeza kiti cha baba. Orodha yote ilikuwa pale upande wa kushoto, na juu kabisa MARAHABA. Mama, asiyejua kusoma, alilitambua lile neno kwa umbo lake, akapiga makofi.

Baba hakutazama juu. Alikuwa anaonyesha chini ya orodha. Nikashuka hadi mwisho. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa kabla ya uchumba wa mdogo wangu.

Mwalimu yule alipekua tena na tena, akaweka programu nyingine ya kutafuta vilivyofutwa, akapata vipande vya barua za wateja na picha za harusi za watu nisiowajua. Kisha akaniita kibarazani. Akaniambia kwamba programu ile ya zamani ilikuwa inaandika kwenye faili kubwa pale tu inapofungwa. Ikiwa wazi, ilikuwa inaweka kila kitu kwenye faili la muda, na umeme ukikatika ilirudi kuchukua hapo. Sisi hatukuwa tumeifunga tangu kabla ya uchumba wa mdogo wangu. Fundi kabla ya kuweka mfumo mpya alisafisha mafaili ya muda, kwa sababu ndiko virusi hukaa, na fundi yeyote mwangalifu angefanya hivyo.

"Nasaha hazipo, dada," akasema. "Nisikupe matumaini ya uongo."

Nilimshukuru. Nilimsindikiza hadi barabarani kwa sababu sikutaka kurudi ndani haraka.

Nilipoingia baba alikuwa ameshajua. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye na kumwambia kwamba mimi niliusoma ukurasa ule mara nyingi, nakumbuka mengi, tutauandika upya pamoja, mimi nitachapa na yeye atakubali au kukataa. Hakupinga. Nikaanza na kuzaliwa kwa mdogo wangu. Niliandika alivyokuwa mbali, akapata habari kwa kuchelewa. Nikamsomea. Akatikisa kichwa. Nikabadilisha. Akatikisa kichwa. Nikarukia sehemu ya hasira, nikaiandika vizuri kadiri nilivyoweza, na niliposoma nilisikia mwenyewe kwamba ilikuwa inafanana na mahubiri ya redioni. Ile sehemu ya Kiiraqw sikuithubutu. Mambo yenyewe nilikuwa nayo, lakini jinsi alivyoyapanga, neno gani alilitanguliza na lipi alilichelewesha, sikuwa nayo.

Akanyoosha mkono, akavuta kibodi. Ilimchukua muda.

"Hayo ni maneno yako," aliandika.

Nikamwomba basi ajaribu yeye tena, hata kwa ufupi. Akakitazama kidole chake cha kushoto, kilichokuwa kimevimba kwenye kiungo tangu wiki zile za kuandika, akakifunika kwa shuka.

Siku ya sherehe tulimvalisha suti yake ya kustaafia, ikawa kubwa kwake. Baba mdogo, mdogo wake wa kumfuata, ndiye aliyesimama kutoa nasaha. Aliongea vizuri. Alichekesha wageni wa Katesh, alimwambia binti asiende kulala kwa jirani kila akigombana na mumewe, watu wakapiga vigelegele. Baba alikaa mbele akiwa na blanketi mapajani. Mdogo wangu alipopiga magoti kupokea baraka, baba aliweka mkono wa kushoto juu ya kichwa chake na kutoa ule mlio, mrefu, unaopanda na kushuka, na mimi niliyemzoea nilijua kwamba anasema sentensi nzima. Huenda alikuwa anazisema nasaha zote. Mshereheshaji alidhani amezidiwa. Akaomba kwenye kipaza sauti mzee aletewe maji, na muziki ukawekwa.

Baadaye, wageni wakiwa kwenye chakula, mdogo wangu alinivuta pembeni ya ukumbi. Alikuwa amesikia habari kwa mama.

"Alikuwa ameniandikia nini?" akauliza.

Nilimweleza nilivyokumbuka. Alisikiliza akishikilia shela lake lisiguse vumbi, akasema asante, akarudi kwa mumewe mtarajiwa. Niliona kwamba hakusikia chochote ambacho hakukisikia kwa baba mdogo.

Kurasa za zamani tulizihamishia kwenye toleo jipya kama mwalimu alivyosema, na zilifunguka bila shida. Nilijifunza kuifunga programu kila jioni na kunakili faili lake kwenye flashi ya peke yake. Lakini baba aliandika kidogo zaidi kila mwezi. Wageni walipomwamkia alitingisha kichwa tu. Baridi iliyofuata ilimpata kifuani, na safari hii hatukumrudisha kutoka hospitali akiwa hai. Tulimzika kijijini Daudi.

Mama bado yuko nami. Siku nyingine, duka likiwa halina watu, ananiomba nimsomee. Naifungua programu nakwenda ukurasa wowote, kwa kuwa zote zinafanana. Funga dirisha. Maji. Mbuzi wa jirani wameingia kwenye mahindi. Mwambie mama yako apumzike. Mwambie mama yako chai imezidi majani. Nasoma moja baada ya nyingine, naye anasikiliza akichambua maharage, hapotezi hata moja.

Juzi aliponisikia nikisoma hilo la chai, alisimamisha mikono.

"Haikuzidi," akasema. "Ilikuwa sawa."

Akaendelea kuchambua, nami nikashuka kwenye mstari uliofuata.